Siku Rasimu Zangu Zilipotoa Ushahidi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuandika hata neno moja. Nilifika Morogoro kwa basi kutoka Ifakara, nimevaa gauni la kanisani, madaftari matatu yakiwa kwenye mfuko wa rambo. Gazeti moja la kila wiki lilikuwa limenichukua kwa majaribio niandike riwaya ya fantasia, yaani hadithi ya ulimwengu usiokuwepo. Mhariri wa Hadithi, mama mnene mwenye sauti ya chini, alisoma kurasa mbili tu.

"Binti, mchawi wako anaruka angani. Akiruka, anapungukiwa na nini?"

"Hapungukiwi na kitu, mama."

"Basi hakuna atakayemwogopa. Kaandike kwanza kanuni za ulimwengu wako."

Ndivyo tulivyofundishwa. Kabla ya sura ya kwanza unachora ramani ya nchi yako na kuandika sheria za uchawi wake. Halafu inakuja rasimu ya kwanza, ya mkono, ambayo haonyeshwi mtu. Katika ya pili unawabadili wahusika. Ya tatu ndiyo inayopelekwa kupigwa chapa. Mama yule alinilazimisha kuandika tarehe juu ya kila rasimu na kutotupa hata moja. Mimi niliona ni ukorofi wa kiofisi.

Miaka mingi baadaye mama yule alistaafu, akaja Mhariri Mkuu mpya, mtu wa haraka. Alinirudisha nyumbani Katindiuka, Ifakara, niwe natuma sura kutoka huko. "Nataka mtu wa kutisha," aliniambia. "Wasomaji wamechoka na wafalme."

Nikabuni mtu anayeita mamba kwa mluzi, na kila akiita mmoja anasahau jina la ndugu yake mmoja. Kanuni ilikuwa nzuri, lakini mtu mwenyewe hakuwa na nyama. Rasimu mbili nzima alikuwa kama kivuli. Wiki ile nikapita kijiji kimoja mbele ya Mkula, nikamwona bibi mmoja aliyeitwa Melania akiuza samaki wakavu kando ya barabara. Alikuwa na shanga za bluu mkono wa kushoto, aliburuta mguu mmoja, na aliwaita kuku wake kwa mluzi. Nilimchukua mzimamzima, nikamtia kwenye riwaya. Kumwomba ruhusa hakukunijia hata akilini.

Riwaya ikapendwa kuliko zote. Sura ya tisa ilipotoka, mvuvi mmoja wa kijiji kile alikamatwa na mamba mtoni akapoteza mkono. Siku mbili baadaye, asubuhi, muuguzi wa zahanati yao, niliyefahamiana naye, alinipigia simu.

"Shikamoo mama. Njoo upesi. Wamemtoa Bibi Melania nyumbani kwake, na gazeti lako wanalo mkononi."

Nilimpigia kwanza Mhariri Mkuu. "Usiende," alisema. "Wala usiseme lolote. Gazeti halijawahi kununuliwa hivi."

Nilikata simu, nikabeba madaftari yangu, nikapanda bodaboda.

Bibi Melania alikuwa amekaa chini mbele ya ofisi ya kijiji, kitenge kimechanika begani. Mwenyekiti wa Kijiji alisimama mbele yake amenyoosha mikono kumkinga, amezungukwa na vijana wenye fimbo. Mdogo wa yule mvuvi aliponitambua kwa picha ya gazetini alipiga kelele, "Huyu hapa aliyeandika! Mama, waambie ulivyomwona!"

"Sikumwona akifanya kitu," nikasema. "Nimetunga. Ni uongo wangu wa mezani."

"Mbona shanga umezijua? Mguu je? Na mluzi?"

Nikafungua madaftari. Vijana wakaanza kunisogelea, na mtu mmoja akanishika mkono. Hapo mzee mmoja mfugaji, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, akapaza sauti: "Mwacheni asome! Nilikotoka nimeona vikongwe wakiuawa kwa maneno kama haya. Soma, mama."

Nikasoma rasimu ya kwanza, na tarehe yake. Mwita mamba alikuwa mwanaume kijana, mpiga makasia, mzima wa miguu yote. Nikasoma ya pili: alikuwa msichana, binti wa mfalme, hana shanga. Nikampa Mwenyekiti daftari la tatu, aone kwa macho yake nilivyokata maneno "binti wa mfalme" na kuandika juu yake "bibi muuza samaki".

Mwenyekiti alipitisha kidole juu ya maneno yaliyokatwa. "Kwa hiyo wa kwanza kuita mamba alikuwa mwanaume," alisema polepole. "Na yeye tumtafute?"

Hakuna aliyecheka. Lakini fimbo moja ilishuka, kisha nyingine. Mdogo wa mvuvi alitema mate chini, akaondoka akilia.

Bibi hakulala tena kijijini pale. Mwanawe alikuja jioni ileile akampeleka Kidatu. Mimi nilikataa kuandika sura ya kumi, Mhariri Mkuu akampa mtu mwingine aimalize, na ajira yangu ikaishia hapo. Tangu siku hiyo niliandika vitabu tu, hadi macho yalipochoka.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Kidatu. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba" bila kunitazama. Nikaomba radhi. Akasema, "Sijui kusoma. Nisomee hiyo iliyonifukuza."

Nilimsomea sura nzima ya tisa. Alisikiliza amekunja mikono, na palipotisha alivuta pumzi kama wasomaji wote. Nilipomaliza alikunjua mikono.

"Hadithi nzuri," alisema. "Ningekuwa si mimi, ningeifurahia."

Sasa nimestaafu. Vijana wa Ifakara huniletea miswada yao kwenye simu, yenye majini na falme za chini ya maji, na baadhi wana kipaji kunizidi. Huwauliza kuhusu kila mhusika: huyu umemtoa kwa nani? Anayejibu, "Nimebuni tu, bibi," namwambia akafikiri tena.