Mlevi Asiyeijua Ladha ya Pombe

Nilifungiwa leseni kwa ulevi, na mimi pombe sijawahi kuionja.

Acheni kucheka kwanza.

Nilikuwa dereva wa basi la shule ya watoto wasioona. Asubuhi moja, kabla sijampakia hata mtoto mmoja, trafiki akanisimamisha karibu na nyumbani, akanipulizisha kile kimashine. Kikalia.

"Dereva, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Chai, afande."

"Chai ya aina gani hiyo?" Wenzake wakaangua kicheko.

Mahakama ikanitia hatiani, nikafungiwa kuendesha miaka miwili. Shule wakaniambia wazi: rufaa ikigonga mwamba, basi anapewa mwingine. Mtaani nikabandikwa jina, Chapombe.

Aliyenikera zaidi ni mjomba, kaka yake mama, ambaye tunaishi naye nyumba moja. Aliitisha kikao cha ukoo, akanisema kama mtoto.

"Umetuvua nguo, mjomba. Pombe si maji."

Wakili wangu wa rufaa alikuwa mama mmoja asiyependa porojo. Akaniuliza, "Kabla hujatoka nyumbani, mdomoni mwako kiliingia nini?"

"Chai na mkate. Halafu nikasukutua na ile dawa ya mdomo iliyopo bafuni."

"Kailete."

Akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Kaka, hii ni pombe kali tupu. Kimashine kilisoma mdomo wako, hakikusoma damu yako."

Jamani! Kila asubuhi nasukutua, inawasha mpaka machozi yananitoka, nikajua ndivyo dawa inavyofanya kazi. Ladha ya pombe ningeijulia wapi?

Nikakumbuka ni nani hukaa bafuni muda mrefu kuliko sisi sote. Nikamwekea mjomba ile chupa mezani.

Hakupepesa macho. "Yangu. Huwa napiga funda moja la kuamkia. Mbona hukuuliza?"

Anapiga funda humo humo chupani! Nikayaona yale meno yake, nikakimbilia nje kutapika.

Niliporudi nikamuuliza, "Na kwenye kikao kile ulijua?"

"Nilijua. Ningesemaje mbele za watu, mimi mkubwa wa ukoo?" Lakini akaapa kwamba kwa jaji atasema kweli.

Siku ya rufaa akavaa koti, akapanda kizimbani kama shahidi wetu.

"Mheshimiwa, chupa ni ya huyu. Anakunywa tangu ujana. Tumemficha mpaka tumechoka."

Ukumbi mzima ukaguna. Nilimchukia, siwafichi.

Ndipo mama akasimama kule nyuma. Jaji akamwamuru akae. Wakili wangu akaomba asikilizwe, naye akaruhusiwa kula kiapo.

"Chupa ni ya kaka yangu," akasema. "Na anayeijaza ni mimi. Nilichoka kumwokota mitaroni, nikaona bora anywee ndani, kwenye chupa ambayo hakuna atakayeishuku. Mwanangu aliposhikwa nilijua. Nikanyamaza."

Hukumu ikafutwa, leseni nikarudishiwa. Watu wakanipa mkono, mimi namtazama mama. Mjomba nilishamkatia tamaa, lakini mama? Muda wote wa kesi alinipikia uji, anasikia naitwa mlevi, ananiuliza kama sukari imetosha!

Nje, mjomba alikuwa ameshajipakia kiti cha mbele cha gari la shemeji yangu aliyetuleta mahakamani, mkanda kaufunga.

"Haya mjomba, leseni si unayo? Turudishe nyumbani."

Funguo nilikuwa nazo mimi, shemeji alinipa kwa furaha ya ushindi. Nikamrudishia, nikaondoka kwa miguu. Basi la shule naliendesha mpaka leo, ila nyumba ile sijalala tena.

Ndugu zangu, tulifundishwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu maradhi waliyaficha wakubwa, nikaumbuka mimi. Kama na kwenu kuna mtu mnamfunika, hebu angalieni hilo blanketi mmemvua nani.