Mitoki ya Précieux

Shingo ya Précieux ilianza kuvimba wakati Butembo iko mikononi mwa waasi, na kila ugonjwa usio na jina ulisemwa umeletwa na askari wao wa vizuizi vya barabarani. Mitoki, yaani tezi zilizovimba, ilimjaa shingoni na kwapani; bandama likamsukuma tumbo mbele kama chungu. Orpa alimgeukia mkwewe Rébecca, mama wa mtoto.

"Mama Précieux, kule ku bariere ya Kanyabayonga, basoda balikushikia nini siku muzima?"

"Balikamata maharagi yangu, mama."

"Maharagi tu?"

Muyisa, mume wa Rébecca na mwana wa Orpa, alisikia akanyamaza, na kimya cha mume ni shahidi wa pili. Lisemwalo lipo, watu wakaambiana hadi kisimani: Rébecca alilala na askari. Baraza la kanisa likamweka Rébecca chini ya nidhamu: asiimbe kwaya, asishiriki Meza ya Bwana.

Rébecca akampeleka mtoto hospitali ya Beni. Vipimo vilionyesha hana ukimwi wala kifua kikuu. Daktari Kitsa akatuma damu ya mtoto Ulaya kupitia Kampala, na jibu lilipofika, baada ya miezi mingi, akaiita familia.

"Mu damu kuko basoda ba kupigana na magonjwa," alisema. "Vita ikiisha, bale ba zamani banapashwa kufa. Ba huyu mutoto banakatala kufa. Banarundikana mu shingo na mu bandama."

"Kumbe hata mule ndani banakatala kurudia kwabo?" Rébecca aliuliza.

Daktari hakucheka. "Ni kosa ya kuzaliwa nayo. Mara mingi inatoka kwa muzazi. Kwenu, nani alivimba hivi mu utoto?"

Orpa alikaza kitenge kiunoni. "Muyisa. Tulimuchanja, tukapakaa majivu. Akakomaa, ikaisha."

"Na ulijua, mama?" Rébecca alimtazama.

"Hukuniuliza."

Waliporudi Butembo, Abdias, mzee wa kanisa, aliyekwisha kusikia jibu la daktari, alikuja akitabasamu. Jumapili angemrudisha Rébecca Mezani. Ila hakuna aliyewahi kutoka katika nidhamu bila kutubu mbele ya ushirika.

"Tubu kitu kidogo tu, mama. Hasira, ao masengenyo."

"Nitubu nini, baba muzee? Kwamba damu ya bwana yangu iko mu mutoto yake?"

"Lakini njia ya kanisa ni ile tu."

Jumapili Rébecca alisimama, Précieux mgongoni. Ushirika mzima ukasubiri.

"Mimi sina neno ya kutubu," alisema, akaketi.

Mkate ukapita benchi lake bila kusimama. Mbele, kati ya wamama wa kanisa, Orpa alipokea kipande chake, akafumba macho, akatafuna.