Mrehani wa Mchuzi

Juzi mwenzangu mmoja wa bwenini alirudi kutoka arusini kwa dada yake, amekuja na kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia na majani ya mrehani, kakifunga kwenye pindo la kanga. Alipokifungua, wasichana wote wakapiga kelele, "Mmh, yanuka biarusi hapa!" Mimi nikameza mate. Ningeanzaje kuwaeleza kwamba mrehani kwangu ni harufu ya nyanya zinazotokota na vitunguu saumu, Jumamosi, uani kwetu Ngamiani?

Nawaambia ninyi tu, na msicheke sana.

Mama yangu ni muuguzi. Nilipokuwa darasa la tatu, wiki hii alikuwa zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya usiku, na Baba ni dereva wa lori, leo yuko Horohoro, kesho Moshi. Kupika kila siku kulikuwa hakuwezekani. Kwa hiyo Jumamosi Mama alipitia sokoni akitoka kazini, akarudi na nyanya zilizoiva mpaka zinapasuka, akazijaza sufuriani na vitunguu saumu na karoti, mafuta kidogo tu kama dawa ya sikio, maana wagonjwa wa presha aliwaona kila siku. Moto wa mkaa ukazichemsha taratibu mpaka mchuzi ukawa mzito. Mwisho kabisa alichambua majani ya mrehani kwa vidole na kuyatupia humo. Mchuzi ule uliingia kwenye chupa za jamu, na wiki nzima ndio uliotuokoa: leo juu ya maharage, kesho na samaki, keshokutwa na tambi.

Tambi za chumvi, jamani! Kwetu tambi ni za sukari, nazi na iliki, za kufuturia. Mtoto mmoja wa jirani aliwahi kuchungulia sahani yangu akauliza kama sukari imetuishia. Tangu siku hiyo nilikula nimegeukia ukuta.

Lakini aibu kubwa haikuwa kula. Ilikuwa kutumwa mrehani.

Mrehani uliuzwa na Bi Rukia pale sokoni, pamoja na asmini na vikuba. Kwetu mrehani ni wa biarusi, au wa kaburini. Hautiwi chunguni. Kila Jumamosi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanifungia fungu langu kwenye jani la mgomba, na kila wiki macho yake yalizidi kunichunguza. Siku moja akashindwa kujizuia.

"Hebu, Riziki, kwenu kumefiwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi kuna arusi."

Nikainamisha uso. Ningesema tunaula, wanawake wote wa pale wangeangua kicheko, na mimi nilikuwa mtoto wa kuogopa hata kuitwa jina darasani. Nikakodolea macho kidole gumba cha mguu.

"Arusi ya nani? Dada huna. Au ni baba'ko?"

Nikazidi kuinama.

"Haya," akasema kwa sauti ya chini, akaniongezea asmini bila kuombwa. "Nenda, mwanangu. Nimefahamu."

Mimi sikuwa nimefahamu chochote.

Mchuzi haujashuka motoni, hodi ikapigwa. Bi Rukia aliingia na jirani yetu, Mama Zulfa, nyuso zao kama wamekuja matangani. Mama alikuwa bado na gauni lake jeupe la kazini, mwiko mkononi.

"Mama Riziki, shoga yangu," Mama Zulfa akaanza, "wanaume ndivyo walivyo. Lakini kukufanya wewe umnunulie mrehani mke mwenzio, aa, hii imezidi!"

"Mke mwenzangu yupi?"

"Huyo anayeolewa na Baba Riziki. Mtoto mwenyewe kaulizwa, kanyamaza."

Baba wa watu yuko njiani na lori lake, hajui kama ameshakuwa bwana arusi! Lakini Mama hakucheka. Kwa muda mfupi niliona anaamini. Mwiko ulidondosha mchuzi kwenye gauni jeupe, wala hakuona. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlangoni, natamani liwe ukuta.

"Riziki. Ulimwambia nini Bi Rukia?"

"Sikusema kitu," nikajibu. "Niliona haya. Kusema tunaupika."

Mama akavuta pumzi ndefu. Akauchukua mrehani, akauchambua mbele ya wageni, akautia sufuriani.

"Yarabi, mwanamke anapika kikuba!" Bi Rukia akasema.

Akawapakulia na tambi. Mama Zulfa alionja kwa ncha ya kijiko, halafu kijiko kikajaa. Bi Rukia alicheka mpaka ushungi ukamteleza. "Puani arusi, mdomoni chakula! Na hakinikai kifuani kama pilau lako, Mama Zulfa." Akaongezewa. Kisha, bila ubaya wowote, akauliza:

"Sasa mwenzetu, mapishi haya umeyatoa wapi?"

Mama, anayewajibu madaktari na walevi wa wodini bila kupepesa macho, akainamisha uso. Akakodolea macho kidole gumba cha mguu.

"Kwa mama," akasema. "Muheza."

Basi.

Mwaka jana Bibi wa Muheza ndiye aliyenihadithia. Baba yake Mama alikuwa Mtaliano, fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Bibi alimpikia, naye akamfundisha mchuzi wa kwao. Akarudi Ulaya Mama akiwa bado tumboni, na hakuandika hata mstari. Mama alikua akizomewa njia nzima ya shule kwa rangi yake na nywele zake. Alichoachiwa na baba yake ni sufuria ile ya Jumamosi.

Nilikuwa nikidhani haya ile ni yangu peke yangu, na Mama ndiye aliyenitia kwa mapishi yake. Sasa nawaza huenda Mama naye alikuwa nayo. Nyanya alizinunua mwenyewe, kila wiki, kwenye soko lile lile. Bi Rukia alikaa jirani kabisa na muuza nyanya. Na mrehani nilitumwa mimi.