Satini ya Asteria inakatwa upya

Gari kutoka Mbamba Bay linasimama stendi ya Mbinga. Kabla ya kushusha magunia yake ya usipa, dagaa wa ziwani, Asteria Komba anaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake la kitenge, lisilo na mikono, anatoa mikono miwili ya kitenge kilekile na kuifunga mabegani kwa vifungo. Huku juu kuna ukungu na baridi inauma masikio. Ziwani alikotoka, jasho lilikuwa likimtoka.

Wauza ndizi wanacheka. Wamemcheka tangu mwaka jana na hawachoki.

"Waache," anasema, akiinama kushika gunia. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Mjane huyu wa miaka 46 hatulii. Ukizungumza naye anapima usipa kwa bakuli, anakaa, anasimama tena. Nguo, anasema, zilimhangaisha miaka mingi: sweta la mtumba lililombana kwapani, kanga iliyofunguka kila akiinama, koti la marehemu mumewe lililompwaya. Alinunua, akagawa, akanunua tena. Siku njema humwachia faida ya shilingi elfu kumi na tano, na nyingi ziliishia mnadani.

Ndipo akamwendea Florian, fundi cherehani wa Mbamba Bay. Alitaka gauni pana la kutembelea kwa hatua ndefu, lenye mifuko mirefu na mikono ya kuvua. Florian alimwuliza kama anataka upadri. Akashona hata hivyo, na leo Asteria ana magauni manne ya mshono huo.

Sasa imekuja harusi. Binti yake, Emerensiana, anafunga ndoa mwezi ujao, na kamati imechagua sare ya akina mama: satini ya kubana, ndefu hadi chini. Binti amemwomba asimtie aibu mbele ya wakwe.

Asteria anaijua satini. Kwenye harusi ya mdogo wake Kilian alivaa ya kuazima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ilisitiri, ila haikumruhusu kuketi wala kupumua. Alitoroka ukumbini, akaenda kubadilisha nguo kwenye shamba la mahindi.

"Wakaniita kunilisha keki, sipo," anasema, naye hacheki. "Kilian hajasahau mpaka leo."

Wiki iliyopita alinunua satini ya kamati, rangi ileile, akampelekea Florian aikate kwa mshono wake, pana, na mifuko mirefu. Emerensiana hajaambiwa. Asteria anakiri kwamba anaogopa. Mara mbili amepiga simu kwa fundi kumwambia aache, na mara mbili amepiga tena kumwambia aendelee.

"Nitamwonyesha Jumapili, tukitoka Misa," anasema, akifungua vifungo vya mikono na kuvifunga upya. "Akinuna, nitamweleza ukweli. Safari hii wakiniita, nataka wanikute nimekaa."