Medali za vita za baba mkwe zilivyonifanya nisafirishe dume kutoka Magu mpaka Ilemela

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi niliishia darasa la nne, nikaanza kwa kubeba magunia ya dagaa Mwaloni pale Kirumba. Leo nina hadwea mbili, maduka ya vifaa vya ujenzi, na nyumba ya ghorofa Ilemela, juu ya mawe. Nilijua hakuna kitu duniani cha kunishangaza tena.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Mke wangu yupo pembeni hapa anacheka.

Juzi kati nilikuwa nafungua hadwea ya tatu. Nikaalika watu wazito, nikawatangazia kwamba baba mkwe wangu ni shujaa wa vita vya Kagera, ana medali tatu, atakuja nazo asimulie. Wenye maduka wenzangu walishaanza kusema mimi ni maneno tu. Nilitaka kuwafunga midomo.

Nikaenda Magu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwilima. Medali zipo zizini."

Nikadhani amezificha. Kumbe zinaning'inia shingoni mwa dume jekundu, zimesuguliwa kwa majivu zinang'aa kama sufuria za bi harusi!

Nikanyoosha mkono nizivue. Fimbo ikanitua kiganjani.

"Hazivuliwi. Ukizitaka, mchukue na mvaaji."

Akanieleza. Vitani walifika kwenye njia iliyotegwa mabomu, askari kumi na tisa. Ng'ombe mwekundu wa wenyeji akatangulia, wao wakawa wanakanyaga anapokanyaga. Wakavuka wote. Medali akapewa yeye mzee, si ng'ombe.

"Na yule ng'ombe, baba?"

Akampapasa dume shingoni.

"Siku ya tatu tulikuwa na njaa, mkwilima."

Tangu hapo, kila dume jekundu la zizi lake ndilo linalovaa.

Ningefanyaje? Kadi nimeshagawa. Nikakodi Fuso, nikatafuta kibali cha kusafirisha mifugo. Bwana mifugo akauliza sababu ya safari, nikamwambia mgeni rasmi. Akaandika hivyo hivyo.

Siku ya uzinduzi nikamfunga dume jirani na meza kuu, baba mkwe kando yake. Wenye maduka mbavu hawana.

"Bosi, kumbe huyu ndiye mkweo? Mbona mmefanana!"

Mara akainuka mzee mmoja mstaafu wa jeshi, akazitazama zile medali, akapiga saluti. Kicheko kikakatika. Mimi kifua mbele.

Ndipo baba mkwe akanusa hewa.

"Mnapika nini?"

Pilau wakuu. Nyama ya ng'ombe, sufuria nne.

"Mara ya pili? Tena mbele yake?"

Akaanza kufungua kamba arudi naye Magu kwa miguu. Medali zikiondoka, jina langu linaondoka nazo! Nikaamuru sufuria zote zipelekwe kwa bodaboda wa kijiweni, nikapiga simu Mwaloni, wakaja samaki sato.

Watu wamekula saa kumi jioni. Mzee akala kichwa cha sato, akasimulia vita, akawataja wenzake waliobaki huko mmoja mmoja. Wenye maduka ndio waliolia kuliko wote.

Utepe wa uzinduzi dume likautafuna kabla sijashika mkasi. Kwa hiyo duka kalifungua yeye.

Funzo: usitangaze ushujaa wa mtu kabla hujamuuliza mwenyewe anamdai nani au anadaiwa na nani. Wenye wazee waliopigana, waulizeni wangali hai, mje mtuambie hapa. Wa kucheka chekeni, ila heshima yangu ilibaki.

Fuso kwenda na kurudi, kibali, sato, na maua ya meza kuu aliyokula dume: shilingi 1,286,500.