Viatu vya Komunyo

Kila nikikanyaga beseni la dawa ya kuua vijidudu mlangoni pa banda langu la kuku, harufu yake kali hunirudisha Idete.

Homa ya nguruwe ilikuwa imeingia kijijini, na Mama aliweka beseni kama hili mbele ya banda letu. Kwa jirani, tuliyechangia naye kiwanja, nguruwe walikuwa wamelala tu, hawali. Nilikwenda bandani kwake kumwonyesha viatu vyangu vipya vya Komunyo, vyeupe. Niliporudi kuwapa wetu pumba, nililiruka beseni nisivilowanishe.

Nguruwe wetu waliisha wote.

"Umetuletea ugonjwa!" Mama alimfokea jirani.

"Mimi? Tangu uweke dawa yako sijakanyaga bandani kwako!"

Hawakusalimiana tena mpaka jirani anazikwa. Mimi hakuna aliyeniuliza. Viatu nilivivaa kila Jumapili, mpaka vikanibana.