Mtu wa Tathmini Alipofika Bodo

Nilikuwa nimerudi Bodo kwa dada yangu, safari hii nikitokea Mackinnon Road, ambako niliuza vipuri vya malori kwa miezi kadhaa mpaka nikachoka. Mimi huchoka upesi. Nikiwa mbali huitamani harufu ya mikoko. Nikishafika, siku ya nne naanza kuulizia magari ya kwenda Lungalunga. Safari hii sikuweza kuondoka, kwa sababu binti wa dada yangu alikuwa nyumbani ilhali wenzake wako darasani.

Alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu. Serikali ilimpa msaada na mkopo, lakini kwa kiasi cha mtoto wa watu wenye uwezo, na pengo lililobaki tulitakiwa tulijaze sisi. Hatukulijaza. Akaambiwa asirudi mpaka alipe, na usajili wa mitihani ulikuwa umebakiza majuma mawili kufungwa.

Kosa lilikuwa langu pia. Fomu ya maombi tuliijaza pamoja kwenye saiba moja ya Ukunda, duka la intaneti. Palipoulizwa kazi ya mlezi, nilimwambia aandike msimamizi wa hoteli. Kwa kweli nilikuwa nikisafisha bwawa la kuogelea Diani, tena msimu wa wageni tu.

"Mjomba, msimamizi?"

"Andika. Usituaibishe."

Palipoulizwa nyumba, tukachagua ya mawe, maana ni ya mawe. Fomu haikuuliza ilichukua miaka mingapi kujengwa. Baadaye tulipeleka rufaa kwenye ofisi ya misaada Matuga, na ilikuwa bado haijajibiwa.

Asubuhi moja akaja kijana wa bara, tableti mkononi, viatu vimejaa mchanga.

"Sasa, mama," akasema.

"Marahaba," dada akamjibu. Yule kijana hakuelewa kwamba amekosolewa.

Alieleza kwamba ametumwa kupima kama misaada ya wanafunzi inafanya kazi iliyokusudiwa. Nikafurahi, nilidhani hatimaye amekuja mtu wa kuambiwa. Dada akamtandikia mkeka, akamtuma binti yake akaangue dafu.

"Mama, msaada umewafaa?"

"Umetufaa sana, mwanangu. Mungu awazidishie."

Akabonyeza.

"Ulitosha?"

"Alhamdulillahi, hatuna neno."

Akabonyeza tena. Nikakohoa.

"Kunywa maji," dada akaniambia bila kunitazama.

"Dada, mwambie ukweli."

"Mtu ametoka kwao, amekaa mkekani kwangu, nianze kumlilia? Yeye ndiye aliyetunyima?"

Hasira zilinipanda, nikanyamaza, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Siku ambazo hapakuwa na kitu jikoni, jirani akiuliza, mama yetu alisema tumekula mapema. Nikiwa ugenini huikumbuka heshima ile nikatabasamu. Nikiwa karibu nayo inanitia wazimu.

Binti akaja na dafu. Kijana akamtazama. "Ndiye mwanafunzi? Chuo mmefunga?"

"Wamefunga," dada akasema.

"Hawajafunga," binti akasema, dafu bado mkononi. "Nimerudishwa kwa ajili ya ada. Huu ni mwezi wa pili niko nyumbani."

Dada akainamisha uso, akaanza kuchambua ukingo wa mkeka kwa kucha.

Kijana akakuna kichwa. "Kwenye orodha yangu unaendelea na masomo. Basi inabidi nirudi swali la kwanza, la kama mwanafunzi bado anasoma." Akageuza jibu kuwa hapana, na majibu yote ya dada yakafutika. Nikasogea kuangalia. Nilitarajia swali linalofuata liulize kwa nini. Kwenye kioo palikuwa na maneno ya kutushukuru kwa kushiriki.

"Ndiyo basi?" nikauliza.

"Kwa asiyeendelea inaishia hapo, mzee. Wanaopimwa ni walio chuoni."

"Na waliotoka mnawapimia wapi?"

"Labda kuna kikosi kingine."

"Umewahi kukiona?"

Alijaribu kubonyeza sehemu ya maoni, haikufunguka. Akanywa dafu lake haraka haraka, kama mtu aliyepewa kitu asichostahili, akaaga, akaelekea nyumba ya pili.

Nilisema mengi baada ya hapo, na sioni haja ya kuyarudia. Nililaumu ofisi, nikalaumu tableti, nikamlaumu dada, na mimi mwenyewe nikajiruka. Dada alinisubiri nimalize, kisha akamgeukia binti yake.

"Ungeniacha niseme wamefunga. Angalau tungehesabiwa."

"Tungehesabiwa na waliofaidika, mama."

"Ndiyo. Si afadhali hivyo kuliko kufutwa?"

Binti alikuwa ameshavaa buibui, anatafuta nakala ya rufaa kwenye mkoba wake, aende Matuga akaulize mwenyewe.